Maziwa ya Kukata Stimu

Ikifika saa kumi na moja jioni, wanaume wa Levolosi, mtaa wa Arusha, waliotafuna mirungi tangu adhuhuri huanza kumkumbuka Mama Said. Huja mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu, wakakaa kwenye benchi lake la mbao na kunyoosha vidole vitatu bila kusema neno. Maana yake ni vikombe vitatu vya maziwa ya moto, bila sukari na bila tangawizi, kimoja baada ya kingine, cha kwanza kikinywewa kwa mkupuo. Baada ya hapo taya hulegea, macho hurudi mahali pake, na mtu anaweza kwenda nyumbani akala, akalala, akaamka kesho kama watu wengine.

Kila mahali majani yale yanapotafunwa watu wamejitafutia njia ya kukata stimu, ya kurudi chini. Kule Harar, Ethiopia, wengine hunywa pombe kali, Nairobi wengine humeza vidonge vya usingizi. Levolosi ni maziwa, na maziwa ni kwa Mama Said.

Jina lake ni Ummy. Said ni mwanawe wa kwanza, ambaye alihamia Dodoma zamani na huja Idi hadi Idi. Baba yake Ummy alitoka Kondoa kuja Arusha kushona maturubai ya malori, akajenga nyumba ya vyumba vinne, na vyumba viwili kati ya hivyo ndivyo anavyoishi bintiye mpaka leo, akiwa na miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu, na mazoea ya kukaa chini pale tu anapokuwa na hakika kwamba hatainuliwa tena.

Kazi ile hakufundishwa na mtu. Mumewe Shabani alikuwa fundi wa giaboksi na alitafuna mirungi miaka ishirini na miwili, kila siku ya Mungu isipokuwa mwezi wa Ramadhani, na hata mwezi huo alikuwa na hesabu zake baada ya futari. Ummy alijifunza kumsoma kwa ulimi, ulivyokuwa wa kijani, na kwa taya, na hata kwa namna alivyofunga kamba za viatu. Alijua ni siku gani vikombe viwili vinatosha na siku gani lazima vitatu. Zikija zile siku mbaya alimlaza chumba cha nyuma, akafunga dirisha, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akaufunga mlango kwa nje ili asisumbuliwe. Shabani alikufa kwa kisukari, si kwa majani, lakini sifa ya mkewe ilikuwa imeshaenea. Wake za watu wakawa wanamleta mtu wao mlangoni na kusema kwa sauti ya chini, Mama Said, huyu amezidi leo. Akawapokea. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyekufa ndani ya chumba kile. Hilo ndilo lililokuwa heshima yake mtaani, na ndilo lililomchosha, kwa sababu aliyewahi kumrudisha mtu mmoja chini anaombwa kuwarudisha wote.

Maziwa aliletewa na Naserian, mama wa Kimaasai wa Kisongo, mwenye ng'ombe kumi na mmoja na maneno machache. Kila asubuhi alifika kwa bodaboda na madumu mawili, akaacha moja kwa Mama Said, akaenda kuuza lingine kwenye migahawa, kisha saa sita mchana akarudi kuchukua dumu tupu. Walikuwa wamezoeana miaka tisa. Biashara ya jioni Naserian hakuipenda na hakuficha.

"Ng'ombe wangu wakijua maziwa yao yanakwenda wapi," alisema siku moja, "watagoma."

Mambo yalianza kubadilika mwaka jana, na Mama Said aliyaona kwanza kwenye ndimi. Walikuja watu wenye taya zinazosaga na macho yaliyotoka, lakini ulimi mwekundu kama wa mtoto mchanga. Hawakuwa na harufu ya majani wala vijiti mfukoni. Akauliza, akaambiwa ni unga. Ulikuwa kwenye kipakiti kidogo cha rangi ya fedha chenye picha ya waridi, na juu yake maandishi ya kigeni yakisema ni chakula cha maua, binadamu asile. Habari ya maua haikumshtua mtu. Arusha imezungukwa na mashamba ya maua, na mbolea zake husambaa mitaani kwa kila jina. Waliouza walisema maandishi yale ni ya kuwapumbaza askari tu. Ndani ni mirungi ileile, walisema, imekaushwa kiwandani huko nje na kusagwa, ili isinyauke na isinuke. Mzigo wa majani hukamatwa barabarani. Kipakiti hukaa ndani ya soksi.

Mama Said aliamini. Kwa nini asingeamini? Watu wa hapa hukausha na kusaga kila kitu, mlonge, mizizi, magome ya miti ya huko msituni Meru, na dawa ikishasagwa ni ileile, imekolea tu. Akafikia uamuzi ambao kwa kazi yake ulikuwa na mantiki kabisa: kama unga ni mirungi iliyokolea, basi dawa yake ni maziwa yaliyozidi. Vikombe vitatu vikawa vitano.

Na kwa muda ilionekana inafanya kazi. Sylvanus, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa mmoja wa hao. Mtu mpole, mcheshi, aliyekuwa akimwita Mama Said "mkwe" ingawa hakuwa na binti wa kumwoza. Alianza unga ili amalize sare za shule mwezi wa kumi na mbili. Kufika Machi alikuwa anakata mguu mmoja wa suruali mara tatu na kusahau mwingine, na siku moja alimnong'oneza Mama Said kwamba kuna watu wanapanda kwenye dari lake kumpima yeye, urefu na kifua, wanaandika. Mama Said akamwambia usingizi tu umemwishia. Akampa vitano. Sylvanus akalala siku nzima, akaamka akicheka, na wote wawili wakaona jambo limekwisha.

Najim ni mdogo wake Ummy, mtoto wa mwisho wa kwao. Mama yao alifariki Najim akiwa na miezi tisa na Ummy akiwa na miaka kumi na saba, na kuanzia siku hiyo mtoto alihamia mgongoni kwa dada yake. Alimlea kwa maziwa ya ng'ombe, kwa kijiko, kwa sababu chupa aliikataa. Aliolewa akiwa na mtoto asiye wake mgongoni, na Shabani, kwa ubaya wake wote, hakuwahi kumnung'unikia kwa hilo. Said alipozaliwa walilelewa pamoja kama pacha wa miaka tofauti.

Sasa Najim ana miaka thelathini na saba na mpaka Julai iliyopita aliendesha Fuso, akipakia karoti na kabichi soko la Ngaramtoni na kuzipeleka Dar es Salaam kabla hazijalegea. Mboga hazimsubiri dereva alale. Alianza na majani kama madereva wenzake, kisha akahamia kwenye unga. Dada yake alijua. Alimwambia asizidishe, na akamwambia neno ambalo baadaye alilirudia kichwani mara nyingi kuliko alivyotaka: ukifika tu, pitia kwangu unywe.

Alipitia Alhamisi moja ya Julai, saa moja asubuhi, baridi imeshika mji na mlima haupo, umefunikwa na wingu mpaka miguuni. Aliletwa kwa bajaji na Mika, dereva mwenzake wa kupokezana, Mmeru wa Nkoaranga, mtu wa kwaya, asiyetafuna kitu chochote ila karanga. Mika alieleza mlangoni kwa haraka. Najim hakuwa amelala tangu Jumatatu. Walipokuwa wakirudi, walipofika Korogwe alisimamisha gari katikati ya barabara akashuka kumtafuta mtu aliyedai amejishikiza chini ya chesisi. Mika akashika usukani mpaka Arusha. Walipofika, Najim akasema mwili unaanguka, akafungua kipakiti kipya alichouziwa stendi, waridi lilelile, rangi ileile, akachukua kiasi alichozoea. Kiasi kile safari hii kilimpiga vingine.

Mama Said hakuuliza zaidi. Alifanya kazi yake. Alimvua viatu, akakuta kipakiti ndani ya soksi, akakifunga kwenye pindo la kanga ili asikitafute tena. Aliwasha gesi. Najim alikuwa anatetemeka, kwa hiyo akamfunika blanketi, na alipoendelea kutetemeka akaongeza la pili. Aliogopa dirisha, kwa hiyo akalifunga na kulitundikia kanga kuukuu. Hakutaka kulala chini, kwa hiyo Mika akamshika mabega na kumkandamiza godoroni, wakivutana, kwa muda ambao Mika mwenyewe alitoka jasho. Kikombe cha kwanza kilitapikwa. Cha pili kikakaa. Najim alikuwa anazungumza bila kituo, kuhusu watu juu ya bati, kwamba wamevua viatu ili wasisikike, kwamba dada yake awaambie gari si lake.

"Nimewaambia," Mama Said alisema. "Kunywa."

Kufika saa nne alikuwa amekunywa vikombe sita, na mara akanyamaza. Macho yalikuwa nusu wazi. Alikojoa kwenye kopo lililokuwa pembeni, akaanguka tena godoroni. Dada yake alimtazama kutoka mlangoni, akaona kile alichokiona mara mamia katika chumba kile.

"Anashuka," alimwambia Mika. Akaufunga mlango kwa nje. Mika akamshukuru Mungu kwa Kimeru, akakaa kwenye benchi, akasinzia ameegemea ukuta. Mama Said akaenda kusugua masufuria. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa na utulivu ndani yake, kama wa mtu aliyekwisha kufanya kinachojulikana na sasa anangoja kitokee kinachojulikana.

Saa sita Naserian alikuja kuchukua dumu. Akaambiwa Najim yupo ndani, si mzima sana, amelala. Naserian alimfahamu Najim. Aliwahi kumbebea ndama kwenye Fuso bila kumdai nauli. Akasema atamsalimia tu. Akafungua mlango, akaingia.

"Mama Said, huyu umempa nini?"

"Maziwa yako."

Naserian alikuwa amepiga magoti. Aliweka mgongo wa mkono nyuma ya sikio la Najim, kisha akaupitisha chini ya blanketi mpaka kwapani, polepole, kama anavyofanya kwa ndama aliyejitenga na wenzake. Akauondoa kama aliyegusa sufuria. Akavuta mablanketi yote mawili kwa pamoja na kuyatupa nje ya mlango.

"Huyu hana stimu," alisema. "Huyu anaungua. Ndama wangu akifika hapa siulizi jirani, naita daktari."

Mama Said akaanza kueleza kwamba ndivyo inavyotoka, kwa jasho, lakini akaona mwenyewe kwamba ngozi ya Najim ilikuwa kavu. Taya ilikuwa imebanwa. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa kasi ambayo usingizi hauna. Naserian aling'oa kanga dirishani, akaona kopo pembeni, akaliinamisha kwenye mwanga. Kilichokuwemo kilikuwa cheusi kama kahawa ya jana.

"Ng'ombe akikojoa hivi," alisema, "hatumpi maziwa."

Ndipo Mama Said alipomgusa. Tangu saa moja asubuhi alikuwa amemshika kupitia blanketi, kupitia shati, kupitia kikombe. Miaka yote ile alikuwa amesoma ndimi na taya, na hakuwahi kuwa na sababu ya kupima joto, kwa kuwa majani hayachomi mtu namna ile. Mwanamke aliyejua homa zote za mtoto huyu, ya meno, ya surua, ya malaria ya mwaka wa mvua nyingi, alikuwa amemfungia moto ndani ya sufi na kwenda kuosha vyombo.

Naserian alilowesha kanga kwenye ndoo ya maji baridi na kumzungushia Najim. Mika, aliyeamka, akakimbia kutafuta bajaji. Aliporudi, akisaidia kumbeba Najim, aliomba jambo moja, tena na tena, kwa sauti ya mtu anayesali. Waseme ni malaria. Tajiri wa gari akisikia, wote wawili hawana kazi. Na polisi.

"Dada, hawatakuja kwangu tu," alisema. "Watakuja hapa. Kwenye hili benchi. Kwenye hiki chumba."

 Naserian aliacha dumu lake kando ya barabara na kupanda nao, akimwagia Najim maji ya chupa njia nzima, bila kumuuliza dereva wa bajaji kama anajali viti vyake.

Hospitali ilikuwa imejaa kama siku zote. Kwenye mapokezi nesi aliuliza ana nini, na Mika akajibu kabla ya wengine: homa, amechoka na safari, huenda ni malaria. Nesi akaandika. Akamtoboa Najim kidole, akachukua tone la damu, akawaambia wakae kwenye benchi wasubiri majibu. Najim aliketishwa katikati ya wale wanawake wawili, kichwa kikianguka mbele. Hakuwa anasema tena habari ya watu wa juu ya bati. Hakuwa anasema chochote.

Mama Said alikuwa na kipakiti kwenye pindo la kanga. Alikishika kupitia kitambaa. Alifikiri juu ya polisi, kama Mika alivyotaka afikiri, na akaona kwamba polisi wangeweza kuja au wasije, na kwamba hilo halikuwa ndilo linalomfunga kinywa. Kusema Najim amekula nini lilikuwa jambo dogo. Swali lingefuata, tangu lini, na mmemfanyia nini. Angejibu swali hilo mbele ya Naserian na mbele ya benchi zima, na kwenye benchi lile kulikuwa na angalau mke mmoja aliyewahi kumletea mumewe kwenye chumba cha nyuma na kumshukuru. Kilichokuwa kinamngoja mezani ni miaka yake yote ya kujua.

Kifua cha Najim kikakatika, kikaanza tena.

Akasimama. Magoti yalilia. Akaipita foleni, na mzee mmoja akamwambia mama, sisi sote wagonjwa, akamwomba radhi na kupita. Akafungua pindo, akaweka kipakiti juu ya daftari la nesi.

"Siyo malaria, mwanangu. Amekula hii. Tangu Jumatatu hajalala, na leo asubuhi ameongeza."

Nesi alikitazama kipakiti bila kukigusa. Alikuwa amewahi kukiona, ilionekana usoni. "Amekuwa hivi tangu saa ngapi? Na mmemfanyia nini nyumbani?"

"Tangu saa moja. Nilimfungia chumbani. Nikafunga dirisha, nikamfunika mablanketi mawili, tukamkandamiza alale. Nimempa maziwa vikombe sita."

 Nesi hakumkaripia, na Mama Said angependa akaripiwe. Aligeuka tu, akaita jina moja kwenye korido, na machela ikaja kwa kasi ambayo hakuna mtu kwenye benchi lile alikuwa ameiona tangu asubuhi.

Daktari aliyewaita baadaye alikuwa Elinami, kijana wa Akeri, mwenye macho ya mtu aliyeunganisha zamu mbili. Alimwamkia Mama Said shikamoo, akavuta kiti akakaa, jambo ambalo lilimtisha kuliko kama angezungumza amesimama. Alisema wamempoza kwa maji na barafu, wamemchoma sindano ya kutuliza mwili, moyo umeanza kupunguza mbio. Figo hajui bado. Misuli ilipata moto mpaka ikaanza kuvunjika, na mabaki yake yameingia kwenye damu na kuziba figo. Ule weusi kwenye mkojo ndio huo. Kumkandamiza kumeongeza, kwa sababu mtu akipigana na mikono inayomshika, misuli huwaka zaidi.

Mama Said alitaka kujua mirungi ya namna gani inafanya hivyo.

"Hakuna jani hata moja humo, mama," daktari alisema.

Alimweleza taratibu. Kuna watu huko nje walichunguza kile kinachomfanya mtu akeshe ndani ya mirungi, wakaunda kinachofanana nacho maabara, bila shamba wala mche. Kisha wakabadilisha kidogo hapa na pale ili sheria isikitambue, na kikishatambuliwa wanabadilisha tena. Kwa hiyo vipakiti viwili vyenye waridi lilelile vinaweza kuwa na vitu viwili tofauti, na kipimo cha mtu cha jana hakimwambii chochote kuhusu cha leo. Yeye mwenyewe hajui Najim amekula kipi. Kipimo cha haraka walichonacho huona bangi na heroini, hiki hakioni. Ulevi wa majani mtu huchoka kutafuna kabla hajafika mbali. Unga hauna taya ya kuuchosha. Watu wa juu ya bati nao ni sehemu yake, na wengine huendelea kuwaona hata baada ya dawa kutoka mwilini. Atapeleka kipakiti maabara ya serikali, labda siku moja watapata jina lake, na kufikia siku hiyo mtaani kutakuwa na kingine.

"Na maziwa?" aliuliza Mama Said.

Daktari akamjibu. "Maziwa hayakumdhuru. Yalimchelewesha."

Naserian alikuwa amesimama ukutani na shuka lake limelowa. Daktari akauliza nani aliyegundua joto, na Mama Said akamwonyesha kwa kidevu. Akamuuliza Naserian kama amesomea udaktari.

"Nina ng'ombe," alisema Naserian.

Polisi hawakuja, siku ile wala baadaye. Najim alikaa hospitali siku kumi na tisa na damu yake ilisafishwa kwa mashine mara saba. Figo zilirudi kufanya kazi, si kikamilifu, kiasi cha kumwezesha kuishi kwa kupima maji na chumvi. Kuendesha hataendesha, mikono inatetemeka hata akishika kikombe, na akikaa ndani ya gari anainama kutazama chini ya kiti. Fuso imepata mtu mwingine. Mika aliacha kazi mwenyewe, akarudi kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba kule Nkoaranga, na Jumapili baada ya ibada huteremka na mkungu wa ndizi, akaketi na Najim saa nzima, wakizungumza kidogo sana.

Najim anaishi chumba cha nyuma. Mama Said alimwita fundi seremala akaung'oa mlango na bawaba zake, na dirisha halina kanga. Majirani walimwambia chumba bila mlango ni baridi Julai. Alisema anajua.

Maziwa bado anauza, kwa kuwa hana kazi nyingine. Wenye ndimi za kijani bado wanapata vitatu vyao. Lakini sasa kila anayekaa kwenye benchi jioni kwanza hutoa ulimi, kisha huinamisha kichwa, na Mama Said huweka mgongo wa mkono nyuma ya sikio. Akikuta joto, au ulimi mwekundu na taya inayosaga, hampi kitu. Humwambia aende hospitali, na akifika kule aseme alichokula. Wamemtungia jina, wanamwita Bwana Mifugo. Wengine humwigizia kwato na mlio wa ndama wakipita barabarani. Wengi wamehamia kwa mama mwingine, mtaa wa pili, ambaye naye sasa anachemsha maziwa na hapimi mtu. Mama Said alikwenda kuzungumza naye. Yule mama alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, na jioni ile ile akaendelea. Mwezi wa nane mtu mmoja aliyekataliwa aliinuka kwa hasira akapiga teke benchi na kuondoka kuelekea huko, na Mama Said hajamwona tena wala hajapata wa kumuuliza.

Septemba alikuja Sylvanus. Alikaa, akanyoosha vidole vitano.

Ulimi ulikuwa mwekundu. Mama Said aliweka mkono, akauacha hapo kwa muda, akatumaini mkono umekosea, akabadilisha wa kushoto. Akazima gesi.

"Twende."

"Wapi, mkwe?"

"Unajua wapi."

Sylvanus alicheka, akasema wa safari hii ni mzuri, hauna shida kama ule, aliyemuuzia amemhakikishia. Kisha akasema hawezi, ana suruali ya mtu mezani, harusi ni Jumamosi.

"Atavaa ya zamani," alisema Mama Said, na kumshika kiwiko.

Hakumvuta. Alisimama tu amekishika kiwiko kile, mzito, na magoti yake yakiuma, mpaka Sylvanus akaona kwamba itakuwa kazi zaidi kumwondoa kuliko kwenda naye. Akaenda. Kwenye bajaji aliomba asishikwe mikono, na hakushikwa. Alifunguliwa turubai za pembeni upepo uingie. Nesi alikuwa yuleyule. Mama Said alisema kilicholiwa na saa kilipoliwa, kwa sentensi mbili, kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokwisha kukizoea. Wakampokea. Akangoja mpaka akaambiwa moyo unakwenda mbio lakini wamewahi.

Alirudi nyumbani magharibi inaadhiniwa. Sufuria la maziwa lilikuwa limepoa na kufanya utando. Wingu lilikuwa limeinuka na Mlima Meru ulikuwa umesimama mzima juu ya mabati ya Levolosi, jambo ambalo hakuwa ameliona kwa wiki nzima. Alikaa kwenye benchi, na alikuwa na hakika kwamba hatainuliwa tena.

"Dada," Najim aliita kutoka ndani. "Wapo?"

Anauliza kila jioni. Mwanzoni dada yake alimwambia ni upepo, au paka, au hakuna kitu, akiwa amekaa palepale, na Najim alikuwa halali. Sasa dada huinuka. Aliinuka, akashika ukuta, akatoka mpaka katikati ya uchochoro mahali bati lote linapoonekana, akalitazama. Akarudi akasimama mahali palipokuwa na mlango.

"Hakuna mtu."

Najim alikuwa ameketi godoroni, kikombe cha maji alichopimiwa mikononi, kikigongagonga meno. "Umeangalia upande wa nyuma?"

Hakuwa ameangalia. Akageuka, akatoka tena.